Godoro, Tranka na Baba Yake Wegesa

Godoro halifungwi kwenye pikipiki kwa kulilaza. Naanza na hilo kwa sababu siku niliyokabidhi funguo za pikipiki ya ofisi nilimwona mwenzenu mpya akilifunga hivyo, na kabla hajafika mwisho wa mtaa wetu pale Kitaji, upepo wa ziwa ulikuwa umeshamsukuma mtaroni. Godoro linakunjwa, linabanwa kwa mpira wa tyubu kuukuu mpaka lipumue la mwisho, halafu linasimamishwa nyuma ya dereva kama abiria mnene. Tranka linakaa nyuma yake, juu ya keria. Ndoo, jembe na kwanja la kufyekea nyasi vinaning'inia pembeni, makali yakiwa yamefungwa gunia. Ukifika shuleni bila kwanja, mlinzi wa getini hatakusikiliza hata ukimwambia umemleta daktari wa kesho.

Mmeniomba niandike niliyoyaona katika kazi ya kuwafuatilia wanafunzi wa ufadhili, tangu mfuko wetu ulipokuwa na chumba kimoja na benchi. Vyeo sitavitaja. Nilikuwa nacho kimoja na nimestaafu nacho kikiwa vilevile.

Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, wala sikukosa sare. Niliona lori la pamba limesimama Bunda nikataka kujua linakwenda wapi. Lilikuwa linakwenda kiwandani, mtaa wa pili. Lakini nilikuwa nimeshapanda, na tangu hapo sikutulia. Nilipakia marobota ya pamba, nikaanika dagaa kisiwa cha Rukuba, nikachekecha mchanga wa dhahabu Buhemba, nikakoroga zege kwa fundi mmoja wa Musoma mjini, mtu wa swala tano ambaye hakuwahi kunichelewesha chakula wala kunisifu. Mahali popote nilikaa mpaka nijue kazi inavyokwenda, halafu miguu ikaanza kuwasha.

Fundi huyo ndiye aliyepewa kazi ya kupiga plasta ofisi ya mfuko. Nilikuwa juu ya ngazi siku hiyo, na chini Mwalimu Bwire alikuwa akibishana kwenye simu kuhusu njia ya kwenda kijiji fulani nyuma ya Mugeta. Mwalimu Bwire ndiye aliyeuanzisha mfuko: mwalimu wa sekondari aliyestaafu, mwembamba, mzee wa kanisa, mwenye tabia ya kukusikiliza akiwa amefumba macho. Nikamwambia kutoka juu kwamba njia hiyo imekatwa na mvua, wanapita kwenye lambo la ng'ombe.

Akaniangalia. "Shuka."

"Plasta haijakauka, Mwalimu."

"Itakauka yenyewe. Hiyo haikuhitaji. Shuka."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumtoa mtoto Rukuba na kumpeleka bwenini, Musoma. Aliitwa Masatu. Baba yake alikuwa amekufa majini, mama yake alikuwa akianika dagaa kwenye miamba ileile niliyowahi kuanikia mimi. Nilikwenda na godoro la bwenini kwa mtumbwi ili mama yake alione, limefungwa turubai, na wavuvi wote wakatucheka. "Nyie mnampelekea mtoto kitanda au mnampelekea mke?" Mama yake hakucheka. Alilibonyeza godoro kwa kidole kimoja, akasubiri kuona shimo linavyojaa tena, akabonyeza tena.

Tukiwa njiani kurudi, nikamwuliza Masatu swali ambalo sikulipanga. Nilimwambia, "Wewe umesoma kunizidi. Hebu niambie kitu kimoja ulichofundishwa." Alikuwa kidato cha pili, mwenye haya. Akatazama maji, akaniambia nitumbukize kasia nusu.

"Limekuwaje?"

"Limepinda," nikasema. Kila mtu wa ziwani anajua kasia likiingia majini linapinda.

"Halijapinda. Mwanga ndio unapinda. Ukitoka kwenye maji kuja hewani unabadilisha mwendo, unakata kona. Jicho lako halijui, linadhani umekuja moja kwa moja."

Nilikaa na kasia lile mpaka mwenye mtumbwi akaninyang'anya. Nilikuwa nimeliona likipinda utu uzima wangu wote na sikuwahi kuuliza. Na mtoto huyu asiye na viatu alikuwa nalo jibu, amelibeba kichwani kama mtu anavyobeba ndoo, bila kumwaga. Tangu siku hiyo sikuwahi kumtembelea mwanafunzi bila kumtaka anifundishe kitu kimoja. Mwalimu Bwire alifikiri ni mbinu ya kupima maendeleo yao. Nikamwacha afikiri hivyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasoma sekondari, kipande Butiama, kipande Bunda, kipande kisiwani.

Watu watawauliza, kama walivyoniuliza mimi: ada imefutwa, sasa ninyi mnalipa nini? Msikasirike. Waambieni, na mjue wenyewe. Ada imefutwa, njia haijafutwa. Mtoto anayetembea asubuhi kutoka bondeni hadi shule ya kata, akarudi, akachota maji, akapika, hana saa ya kusoma aliyobakiwa nayo. Kuna chakula cha bwenini, kuna sare, viatu, nauli ya likizo, taulo za kike, miwani. Nilimfahamu kijana aliyekuwa wa mwisho darasani miaka miwili kwa sababu tu alikuwa haoni ubao, na aliona haya kukaa mbele kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko wote. Alipovaa miwani, kitu cha kwanza alichosema ni kwamba miti ina majani moja moja. Hayo ndiyo tunayolipia.

Na mkishatoa, msiende kukagua kama askari. Niliwahi kufika nyumba moja Butiama nikakuta tranka letu limekaa uvunguni, limejaa mbegu za mahindi. Mtoto alikuwa shuleni, vitabu vyake vikiwa kwenye mfuko wa mbolea. Nilirudi ofisini nimefura. Mwalimu Bwire akafumba macho.

"Panya wako wengi huko?"

"Wengi."

"Wasipopanda mwaka huu, mtoto atarudi kuchunga. Liache lilinde mbegu."

Mtoto yule alimaliza na mfuko wake wa mbolea. Tranka nadhani liko kazini mpaka leo.

Sasa nifike kwa Wegesa, maana yeye ndiye sababu ya swali tunaloanza nalo kwenye kila nyumba, na baadhi yenu mnaliuliza bila kujua lilitoka wapi.

Nyumbani kwao ni Mugeta, pamba na ng'ombe, mawe makubwa nyuma ya zizi. Tulimchukua akiwa kidato cha pili. Siku ya kwanza tulikwenda wote wawili, mimi na Mwalimu. Tulikuta mama yake, Nyamburi, mwanamke wa maneno machache. Tulimkuta na mwanamke mzee aliyeketi kando akichambua pamba, Bibi Nyanswi. Mwalimu Bwire akauliza kama tulivyozoea kuuliza kila mahali: "Mwanaume wa hapa ni nani?"

Mtu mmoja wa upande wa pili wa ua akaja anajifuta mikono. "Ni mimi," akasema. Aliitwa Makuru, mtoto wa ndugu wa marehemu mume wa Bibi Nyanswi. Bibi akamtazama, akatutazama sisi, akaendelea na pamba yake. Mikono yake ilikuwa haisimami. Nilikuja kumzoea, na miaka ile miwili ya kwanza sikuwahi kuiona imesimama.

Baadhi yenu mmetoka mbali, kwa hiyo nieleze. Huku kwetu, mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe zake akaoa msichana. Watoto watakaozaliwa na msichana huyo ni wa nyumba ya yule mama, na kwao yeye anasimama mahali pa baba. Inaitwa nyumba ntobhu. Bibi Nyanswi alimwoa Nyamburi kwa namna hiyo, na Wegesa ni mtoto wa nyumba hiyo. Sisemi mila hiyo ni nzuri. Nyamburi aliniambia siku moja, tukiwa peke yetu, sentensi ambayo sijaisahau: "Mimi nilitolewa darasa la tano."

Mimi na Mwalimu tulilijua jambo hilo tangu siku ya kwanza, tuliambiwa njiani kabla hatujafika. Na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Mgeni kutoka mbali angeuliza bila haya na angeelezwa. Sisi tuliozaliwa Mara tulilijua mno kiasi cha kulionea aibu. Kanisa la Mwalimu lilikuwa likilikemea. Ofisini tulikuwa na wafadhili wanaokuja na kamera. Kwa hiyo tukalipita kimya, tukamwita Makuru mlezi. Simu za shule zikaenda kwa Makuru. Vikao vya wazazi, Makuru. Mwaka wa kwanza na wa pili tulimjengea mtu kiti katika nyumba isiyo yake, na tulimjengea kwa ufadhili.

Wegesa mwenyewe hakuwa na shida na mtu. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito kuliko umbo lake, na alipenda baiolojia kama wengine wanavyopenda mpira. Kila nilipokwenda likizo alinifundisha. Alinichorea moyo chini kwa kijiti, vyumba vinne, damu chafu inaingia huku, inakwenda mapafuni, inarudi huku. Akanishika mkono akaniwekea vidole vyangu kwenye mshipa. "Umelala, umeamka, umekasirika, unapiga. Haujawahi kupumzika tangu hujazaliwa, Mzee." Niliendesha pikipiki siku hiyo mkono mmoja kifuani. Bibi Nyanswi alikuwa pembeni na pamba yake, na nikadhani hasikii.

Likizo ya Desemba, Wegesa akiwa amemaliza kidato cha tatu, nilikwenda Mugeta kumpelekea viatu na mitihani ya kujipima. Mvua ilikuwa imenyesha, njia yote tope. Nilipofika niliona viti vitatu nje ya zizi, na juu yake Makuru na wageni wawili, mzee mwenye kofia na kijana aliyevaa vizuri kupita siku. Wegesa alikuwa amesimama mlango wa jikoni, amevishwa kitenge kipya. Hakuna mtu aliyehitaji kunieleza.

"Karibu, Mzee wa Godoro!" Makuru akasema kwa furaha. "Umekuja wakati mzuri kweli. Godoro lenu liko ndani, mlichukue mumpe mwingine. Mtoto kapata kwake."

"Kwake wapi? Amebakiza mwaka mmoja."

"Shule ipo tu. Haikimbiagi."

Yule kijana akacheka. Mzee mwenye kofia hakucheka, akanisalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani kwangu, za mvua ya Musoma. Alikuwa mtu wa adabu, na hilo lilinichosha zaidi, maana mtu wa adabu humgombezi ukaridhika.

Nikamwambia Makuru kwamba kumwozesha mwanafunzi ni jela.

"Jela ya nini? Nani kasema anaolewa leo? Anakwenda kumsalimia shangazi yake."

Katika kazi hii nimesikia habari za mashangazi wengi wa aina hiyo. Msichana anakwenda kumsalimia, anavuka wilaya, na polisi wakifika wanamkuta shangazi yuko peke yake, naye anashangaa kuliko wao.

Simu pale inashika ukipanda juu ya mawe. Nikapanda. Mwalimu Bwire akaniambia nisiondoke, anamtafuta mtendaji wa kata. Akanipigia tena: mtendaji yuko kikaoni Bunda, anakuja, lakini njia mnaijua. Nikashuka. Niliona wageni wanatandika turubai kwenye boda mbili walizokuja nazo. Nikajua tukisubiri serikali ipite kwenye lile tope, Wegesa atakuwa ameshamsalimia shangazi.

Nikaenda mlango wa jikoni. Ndani mama yake alikuwa amekaa na mikono kichwani.

"Wanasema tunaondoka jua likipoa," Wegesa akasema. Sauti ilikuwa ileile nzito. "Mzee, umemwuliza baba?"

"Makuru si baba yako."

"Najua. Nimesema baba." Akanielekeza kwa midomo, kule pembeni, kwenye kivuli cha ghala.

Bibi Nyanswi alikuwa akichambua pamba.

Nikaenda nikachuchumaa mbele yake. Nilikuwa nimemsalimu mara nyingi, nimemletea sukari, nimemwuliza habari za mifupa yake. "Bibi," nikasema, "shikamoo. Nimekuja kukuuliza. Kuhusu Wegesa, wewe unasemaje?"

"Marahaba." Akatoa mbegu moja, akaitupa kikapuni. "Umeanza kuja hapa lini?"

"Tangu mwaka jana, Bibi."

"Na swali hilo umelipata leo."

Akatoa mbegu nyingine, akaitupa.

"Mama wa huyu mtoto ng'ombe zake alitoa nani?"

"Wewe."

"Basi." Akaweka kikapu chini. "Nishike mkono, magoti haya si yangu tena."

Nikamwinua. Akaingia ndani, akatoka na kigoda kidogo cheusi cha miguu mitatu, kile ambacho kwenye nyumba nyingine ningekiona chini ya mwenye mji. Akakibeba mwenyewe mpaka pale walipoketi wanaume, akakiweka katikati yao, akakaa. Kikapu cha pamba akakiweka mapajani. Makuru akafungua mdomo, Bibi akamwinulia kiganja bila kumtazama. Alikuwa akimtazama mwenye kofia.

"Mmekuja kuposa kwa nani?"

Mzee akavua kofia. "Mama, tumeletwa kwa huyu ndugu. Alituambia baba wa binti alikufa."

"Nimekufa lini?"

Kuku alipita katikati.

"Nauliza. Nimekufa lini, na nani kati yenu alikuja kunilia? Nyamburi alitoka kwao kwa ng'ombe zangu. Nizitaje? Kulikuwa na yule mweupe wa mgongo mwekundu. Kulikuwa na mwenye pembe iliyoangalia chini. Kulikuwa na mtamba mweusi, huyo nilimlilia, alikuwa akinifuata mpaka jikoni." Akaendelea mpaka mwisho wa kundi, kila ng'ombe na rangi yake na tabia yake, na mikono haikusimama hata kwa mmoja. "Makuru alitoa yupi hapo? Makuru alikuwa anachunga. Muulizeni."

"Bibi," Makuru akasema, "wewe ni mwanamke. Mambo haya..."

Mwenye kofia ndiye aliyemkatiza. "Hapana, ndugu yangu. Aliyetoa ng'ombe ndiye baba. Wewe ulitaka nikupe zangu, halafu huyu mama aje kuzidai upya kwangu? Ungenifanya kichekesho mpaka Nyamuswa." Akamgeukia Bibi. "Mama, tusamehe. Tulikosea mlango."

"Hamkukosea. Mlielekezwa vibaya." Akamtazama yule kijana aliyevaa vizuri. "Na wewe unaweza kusoma?"

"Kidogo, Bibi."

"Huyu anajua moyo una vyumba vingapi. Nenda kajifunze kwanza, halafu usirudi."

Nimefanya kazi nyingi na nimeona mambo mengi yakiinuliwa: marobota, mawe, paa la kanisa. Sijawahi kuona kitu kizito kikiinuliwa kirahisi vile. Wegesa alikuwa amekaa chini pale mlangoni, kitenge kipya kikiburuzika matopeni, na mama yake amesimama nyuma yake akiwa amemwekea mikono mabegani. Nikatambua kwamba Bibi Nyanswi alikuwa amesikiliza kila somo.

Wageni walipoondoka nikamwuliza, na akimaliza shule, Bibi, itakuwaje?

"Tutazungumza mimi na yeye," akasema. "Wewe hutakuwepo."

Mtendaji wa kata alifika jioni, tope mpaka kiunoni, mtu mwema. Akauliza tatizo liko wapi.

"Limekwenda kwao," Bibi akamjibu. "Karibu togwa. Makuru ameandaa nyingi."

Mtendaji hata hivyo alimwita Makuru kando akamweleza sheria kwa sauti ya kutosha ua mzima usikie, na alirudi mwezi uliofuata kuangalia. Msidharau sehemu hiyo. Bibi alifunga mlango wa kwake, yeye akafunga wa barabarani.

Nilipomsimulia Mwalimu Bwire alifumba macho muda mrefu, nikadhani amesinzia. "Tulikuwa tunabisha hodi kwa jirani," akasema. Wiki hiyo akaja mwenyewe Mugeta, nyuma ya pikipiki yangu, mzee wa kanisa ameshika godoro la mtoto mwingine kama mpira wa kuokolea maisha. Alikwenda kumwomba Bibi Nyanswi radhi. Hakumwambia mila yake ni njema, na Bibi hakumwomba amwambie. Walikaa, wakanywa chai, wakazungumzia bei ya pamba. Tangu hapo hatuulizi tena mwanaume wa hapa ni nani. Tunauliza: hapa likisemwa neno likabaki, limesemwa na nani? Kwingine ni baba, kweli. Kwingine ni dada mkubwa aliyeolewa mbali. Nyumba moja Bunda mjini lilikuwa neno la mpangaji, fundi cherehani, ambaye hakuwa hata ndugu yao. Mkishamjua huyo, mwiteni yeye kikaoni. Ufadhili unalipa chakula na kitanda. Mtu huyo ndiye anayemlinda mtoto asiondolewe juu ya kitanda hicho.

Mwaka wa mwisho wa Wegesa ulipita bila kelele. Kwenye mahafali shuleni kwao nilikaa nyuma kabisa, nimeegemea mti wa mjohoro. Mwalimu mwenye kipaza sauti aliita akina baba wote wasogee mbele wapigwe picha na mgeni rasmi, akina mama baadaye. Wanaume wakainuka kwenye viti, wakajipanga. Na mstari ulipokuwa umeshakamilika, nikamwona Bibi Nyanswi anapita katikati ya viti, amevaa koti kubwa la kiume ambalo nadhani lilikuwa la marehemu, anasimama mwishoni kabisa mwa mstari, ananyoosha kola.

"Bibi," mwenye kipaza sauti akasema kwa upole, "akina mama zamu yao inafuata."

Watu wakacheka. Kutoka kwenye mstari wa wahitimu ikatoka ile sauti nzito. "Mwalimu, huyo ni baba yangu."

Kicheko kikaendelea kidogo, halafu kikafa. Wazee wa upande wa Mugeta walikuwa wamekaa safu ya tatu. Wa kwanza kusimama alikuwa yule mwenye kofia aliyekuja kuposa. Mjukuu wake naye alikuwa anahitimu, sikuwa nimejua. Akaenda mstarini, akawasogeza wanaume hatua moja, akampa Bibi nafasi katikati. Mpiga picha akapiga. Picha hiyo iko ofisini, ukutani, juu ya jagi la maji. Sasa mnajua yule aliyevaa koti ni nani.

Mtihani wa mwisho ulipoisha nilikwenda kumchukua. Ilikuwa safari yangu ya mwisho yenye tranka. Godoro alimwachia msichana wa kidato cha kwanza aliyekuwa akilalia mkeka, akaniambia ofisi isije ikaniuliza mimi, aulizwe yeye. Majibu yalipotoka nilikuwa nimeshastaafu. Mliyabandika wenyewe, hamna haja ya kuyasikia kwangu.

Tulifika Mugeta saa za mchana. Nikashusha tranka karibu na ghala, pale kivulini, nikafungua kufuli lake lililokuwa limeshika kutu. Bibi Nyanswi alikuwa na kikapu chake. Hakuinuka. Alimtazama Wegesa kutoka viatu mpaka kichwani.

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Umeandika yote?"

"Yote."

"Haya, kaa." Akanitazama mimi, nikaona anacheka bila kufungua mdomo. "Huyu mzee hukuwa unamwacha hivihivi. Kila akija unampa somo. Leo nipe mimi."

Wegesa akakaa juu ya tranka. Akafikiri, akamweleza kwamba ndama anachukua nusu kwa dume na nusu kwa jike, na kwamba rangi inaweza kujificha kizazi kizima halafu ikatokea.

"Ng'ombe tunazijua," Bibi akasema, mikono ikienda. "Sema lingine."

Wegesa akafikiri tena. Akanyoosha mguu mpaka ukatoka kivulini, jua likaushika.

"Huu mwanga," akasema, "haujatoka kwenye jua sasa hivi. Jua liko mbali, mwanga unasafiri. Huu ulionigusa hapa ulitoka kule wakati sisi bado tuko njiani, kabla hujatusikia. Tunachokiona juu pale ni jua la wakati ule."

Bibi Nyanswi alitazama mguu wa mtoto wake. Akatazama njia tuliyokuja nayo, kule kwenye lambo, ambako vumbi la pikipiki lilikuwa bado halijatua. Na mikono yake, iliyokuwa na pamba nusu na mbegu nusu, ikasimama.

"Rudia," akasema.